Kanda Isiyosikilizwa na Wanaume

Canberra, 4 Machi 2019

Dada Terengaiti,

Mauri. Natumaini mguu umepoa na mvua haijabeba tena mihogo yako. Mimi mzima, baridi tu ndiyo imeanza kubisha hodi.

Kila nikikueleza kazi yangu unasema nabandika karatasi kwenye makopo ya samaki. Haya, leo sikiliza habari ya kopo moja. Hifadhi za nyaraka za nchi zote hizi za bahari yetu zimeamua kuwa na kanzidata moja mtandaoni. Kila kitu, iwe picha, barua au kanda, kinaandikiwa rekodi kwa kanuni zile zile, ili mtu akitafuta Suva, Tarawa au hapa, akipate. Kuna visanduku vya kujaza: jina la kitu, mtunzi, mahali, tarehe, lugha, yaliyomo, na nani aruhusiwe kukifungua. Kisanduku kimoja kikibaki kitupu, rekodi haipiti.

Jumanne nimeletewa boksi la marehemu Miss Pascoe, yule mtafiti aliyekaa huko kwetu Rabi zamani. Ndani mna kanda, na juu yake mwandiko wa kalamu: "Rabi, 1971. Wanawake wa Banaba, mapango ya maji. Msimuliaji: Nei Bwenaua wa Tabiang."

Dada, ni Mama.

Nina picha yake moja ile ya kanisani. Sauti yake sina hata neno. Alipokufa nilikuwa na miaka minne, nimejaribu sana na sikumbuki kitu. Ofisi nzima anayejua lugha yetu ni mimi, kwa hiyo kanda ni yangu. Nikishamaliza boksi lililo mezani, nitaisikiliza mwanzo hadi mwisho na kuandika yaliyomo. Furahi pamoja nami.

Mdogo wako,
Kaintoka


Tabiang, Rabi, 29 Machi 2019

Mdogo wangu Kaintoka,

Mauri. Mguu umepona kiasi cha kukupiga teke. Watoto wazima, mihogo mizima, mvua inanyesha kama kawaida yake. Barua yako nimeisoma pale pale gatini, nimesimama, mashua haijafungwa kamba, na jibu ni hili: usiisikilize kanda hiyo.

Umesahau, au hewa ya huko inafuta? Kule Banaba, kisiwa tulikotoka, mvua ilipokatika, walioingia bangabanga kutafuta maji ni wanawake peke yao. Waliingia wakitambaa kwa matumbo, gizani, na vifuu vyao vya nazi. Mwanamume hakukanyaga hata mdomo wa pango. Waliyoyajua mle hayakusemwa mbele ya baba wala kaka. Mama aliyasema mbele ya Miss Pascoe kwa sababu Miss Pascoe alikuwa mwanamke. Hakuyasema ili mwanawe wa kiume aje kukaa na kikombe cha kahawa akiyafupisha.

Na boksi lina jina la nani? La Miss Pascoe! Naapa hata kwenye kisanduku cha mtunzi mtaweka jina lake. Alitunga nini yeye? Alibonyeza kitufe. Mimi nikimpiga picha ng'ombe wa jirani, ng'ombe ni wangu? Ardhi ya bibi yetu ilisagwa, ikapakiwa melini, ikamwagwa kama mbolea kwenye mashamba ya huko uliko. Mkate unaokula asubuhi tuliuotesha sisi. Bado mnataka maneno yetu nayo yalale ndani ya boksi lenye jina la mtu mwingine. Nasema "mnataka" kwa sababu mshahara wako unatoka kwao.

Irudishe rafuni. Na uvae sweta.

Dada yako, ambaye hajamaliza,
Terengaiti


Canberra, 18 Aprili 2019

Dada,

Mauri. Sweta nimevaa. Matusi nimeyapokea yote, hakuna hata moja lililopotea njiani.

Sasa nisikilize nawe. Mkuu wangu, Bi. Halloran, si mtu mbaya. Alipendekeza dada mmoja wa Adelaide asikilize badala yangu, lakini hajui neno la lugha yetu. Ataandika nini, "wanawake wanaongea"? Mradi unafungwa mwisho wa Novemba. Kitakachokuwa hakina rekodi kitarudi ghala, na kanda zile zinaoza, Dada. Tayari hii inatoa unga kidoleni. Ikirudi ghala, mara nyingine boksi likifunguliwa patakuwa hapana sauti tena.

Na jambo jingine, usikasirike. Mapango yenyewe mengi yamechimbwa na wachimbaji wa mbolea. Yako wapi? Nani ataingia? Mwiko unalinda mlango wa nyumba iliyobomolewa.

Jana wenzangu walipotoka kula, niliiweka kanda kwenye mashine. Nilivaa vipokea sauti. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza, ila sitakudanganya, sikuwa nafikiria Banaba. Nilikuwa nafikiria kwamba wewe unaijua sauti yake, na mimi siijui.

Mdogo wako,
Kaintoka


Tabiang, 10 Mei 2019

Kaintoka wangu,

Mauri. Sisi wazima. Mama mdogo Tiroia hajambo ila macho yake yanaishiwa nguvu, na anauliza kama umeoa tena. Nimemwambia umeoa makabati.

Umeuliza mapango yako wapi. Mapango waliyachimba. Mwiko hawakuuchimba, haukuwa na kitu cha wao kuuza. Ndicho kitu pekee tulichoshuka nacho kwenye meli iliyotuhamishia Rabi bila mtu kukipima uzito, nawe unataka kukikabidhi kwa kuwa mashine ina kisanduku kitupu?

Lakini lile neno lako la mwisho limeninyima raha shambani. Basi ngoja nikwambie.

Siku ile nilikuwa na miaka tisa. Miss Pascoe alikuja na mashine kubwa kama sanduku la mchungaji, akaipandisha kilima mwenyewe. Mama akafukuza wanaume wote uani. Akamfukuza hata mbwa. "Huyu naye dume, toka!" Wanawake walicheka mpaka wakalala mkekani. Nami nilijipanga pembeni ya Mama, nimekaa kitako, nasubiri hatimaye kusikia. Akanitazama. "Terengaiti, mpeleke mdogo wako nje, ulinde asiingie."

Nilikufunga kwa shuka ya lavalava kiunoni mwangu kama mtumbwi kwenye mti. Ulikuwa na miaka miwili, mzito kama gunia la sukari, na ulilia. Nikasikia vicheko, nikasikia kimya, maneno sikusikia hata moja. Mama akafa kabla sijafikia umri wa kuambiwa. Kwa hiyo usiseme mimi ninacho. Nina sauti tu: ilikuwa na mkwaruzo, kama mtu aliyetoka kulia au kucheka, hujui lipi. Aliyoyasema ndani sina, kwa sababu nilikuwa nje nakulinda wewe.

Nimekulinda mara moja, nitakulinda tena. Ilete kanda hapa. Wanawake watasikiliza, mimi nitakiandika hicho kisanduku chako. Mwambie Bi. Halloran kwamba mtu anayejua lugha yupo, ila anaishi Tabiang na hana kadi ya ofisi.

Dada yako,
Terengaiti


Canberra, 3 Juni 2019

Dada yangu,

Mauri. Salamu kwa Mama mdogo. Mwambie makabati hayapiki lakini pia hayagombi.

Bi. Halloran alisema kanuni inataka mwandishi wa rekodi awe mtumishi. Nikamuuliza, kanuni inataka mtumishi, au inataka ukweli? "Leo umeongea kama mtu mwingine," akasema. Nikamwambia ndiyo, nimeongea kama dada yangu. Amekubali.

Fundi ameinakili kanda huku sauti imezimwa. Nilikaa chumba kile kile nikitazama tu mistari inayoruka kwenye kioo. Palipokuwa na mistari mirefu nilijua wanacheka. Nakala iko kwenye flashi, na flashi iko mkononi mwa Maritina, binti wa binamu yetu, atakayepanda ndege ya Suva keshokutwa.

Visanduku vingine nimejaza. Mahali, lugha, tarehe. Cha mtunzi nimekiacha kitupu, kinawaka chekundu. Nakungoja.

Sijaomba kitu kingine na sitaomba. Vipokea sauti nimevirudisha kwenye droo.

Kaintoka


Canberra, 30 Agosti 2019

Dada,

Mauri. Mko wazima huko? Maritina amenihakikishia flashi alikupa mkononi, tangu Juni. Wengine wote wa mradi wamemaliza maboksi yao. Limebaki langu, na mle ndani limebaki jambo moja. Bi. Halloran haulizi tena. Anapita mlangoni kwangu na kukohoa.

Kama nimekukosea, nitukane. Hata matusi yako nimeyakosa.

Mdogo wako


Tabiang, 2 Oktoba 2019

Kaintoka, mdogo wangu,

Mauri. Nisamehe kimya. Mama mdogo Tiroia aliugua, na bila yeye nisingeweza kusikiliza. Ndiye pekee hapa kijijini aliyewahi kuingia bangabanga, msichana mdogo, nyuma ya visigino vya Mama. Tulingoja mpaka akaweza kukaa.

Tulikusanyika jikoni kwangu, wanawake na mabinti waliokwisha kukua. Mwalimu wa kompyuta alileta mashine yake. Ni msichana, usiulize. Wanaume tuliwapeleka uwanjani kucheza mpira, na mbwa wangu nilimtoa, maana naye ni dume.

Mama akaanza kusema. Sitakueleza alichosema. Nitakueleza cha Mama mdogo. Alifumba macho yale, halafu kidole chake kikaanza kutembea juu ya mkeka. Mama anasema, kidole kinakwenda. Kinainama, kinapinda, kinasimama. Mara akapiga mkeka kofi: "Mwongo! Pale si huko! Alikuwa anapotea pale pale kila siku!" Miaka karibu hamsini kaburini, dada mtu bado anagombezwa. Tukacheka tukashindwa kuendelea. Halafu mabinti wakasogea, wakaweka vidole vyao nyuma ya kidole chake, na tukarudia kanda tangu mwanzo. Mjukuu wangu ambaye hajapata kukosa maji maishani mwake, anayelalamika mvua imemlowesha viatu, sasa anajua njia.

Chukua kalamu. Usibadili hata nukta.

Mtunzi: Nei Bwenaua. Miss Pascoe mpe kisanduku cha aliyerekodi. Sina kinyongo naye, mashine aliibeba mwenyewe.

Yaliyomo: Nei Bwenaua wa Tabiang anawaeleza wanawake wenzake njia za maji chini ya ardhi ya Banaba, na koo zilizozitunza. Mengine ni ya wanawake wa Banaba. Aliyeandika maelezo haya ameisikiliza kanda. Aliyeyapiga chapa hakuisikiliza.

Nani aruhusiwe: wanawake wa Banaba. Anayetaka zaidi aje kuuliza Rabi, na aje na adabu.

Sasa la mwisho. Mazungumzo yalipokwisha, Miss Pascoe alichelewa kuzima. Mvua inasikika juu ya bati, wanawake wanakunja mikeka, na Mama anasema jambo moja mlangoni, kwa sauti kubwa, kuelekea nje. Hilo si la pangoni. Nimemuuliza Mama mdogo, nimewauliza wote, wamekubali. Mwalimu amelikata likawa peke yake. Liko kwenye flashi hii. Ni fupi sana, usilimalize kwa haraka.

Kaa chini kwanza.

Dada yako,
Terengaiti


Canberra, 15 Desemba 2019

Dada,

Mauri. Leo ni siku ya kushuka kwetu Rabi, najua mko uwanjani, mnacheza ngoma na kuloa. Nakumbuka harufu ya nyasi zile.

Rekodi ya kanda ilipita siku mbili kabla mradi haujafungwa, kama ulivyoiandika, pamoja na ile adabu. Bi. Halloran alisoma neno hilo, akatabasamu, akaliacha. Mtu akitafuta leo, popote alipo, jina analolikuta ni la Mama.

Kisha nikaenda kwenye droo nikatoa vipokea sauti.

Ni kweli, Dada. Hujui kama ametoka kulia au kucheka.

Kwa kanuni zetu, kipande kinachosimama peke yake kinastahili rekodi yake. Nimekiandikia. Jina la kitu: Mama anamwita mwanawe. Mtunzi: Nei Bwenaua. Mahali: Tabiang, Rabi. Nani aruhusiwe: yeyote. Yaliyomo: Mvua juu ya bati. Mwanamke anamwita mtoto wa kiume kwa jina, aje anywe maji. Mtoto wa kike anajibu kutoka uani, kwa hasira, kwamba mtoto hasikii la mtu, anachezea tope. Mama anacheka. Anaita tena. Mtoto haitiki.

Nilikuwa nimeongeza sentensi moja mwishoni. Bi. Halloran akaniambia kwa upole kwamba kisanduku cha yaliyomo huandikwa tu kile kilichomo ndani ya kanda. Ni kanuni, na ana haki. Nimeifuta, nakuandikia wewe uitunze:

Ameitika.

Mdogo wako,
Kaintoka