Madaftari Kumi na Moja Katikati ya Mbuta

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Seline Adongo
Umri: miaka 47
Kazi: mkutubi, maktaba ya jamii
Makazi: Nyamasaria, Kisumu

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninaongea haraka, afande, kwa sababu madaftari yaliyo kwenye dawati lako yameanza kudondosha maji. Ninaomba yasianikwe wala yasifunguliwe.

Mnamo tarehe 12 Aprili 2025, saa nne asubuhi, nilifundisha wasomaji wetu kushika na kutunza vitabu. Walikuja watu tisa. Niliwaambia wasilambe kidole wakifungua ukurasa, wala wasikunje pembe. Kuhusu maji nilitoa mfano wa samaki wetu wa ziwani, dagaa tunaowaanika na sangara wa kugandisha: "Kitabu si omena, usikianike juani. Kitabu ni mbuta, kiweke kwenye barafu." Kikigandishwa mapema ukungu haukipati, nasi tunapata muda wa kukikausha pole pole. Walicheka sana. Zadock Amolo, fundi wa friji, alikuwa anaandika. Kusema kweli nilidhani anachora.

Mnamo tarehe 7 Mei mto ulifurika. Nilifika maktabani saa moja na nusu asubuhi, maji yakiwa magotini. Dirisha lilikuwa limevunjwa na rafu ya chini ilikuwa tupu. Hapo hukaa madaftari kumi na moja yaliyoandikwa kwa mkono, historia za koo za Nyakach kama wazee wa Pap Onditi walivyozisimulia. Hakuna nakala nyingine. Sita kati ya wazee hao tumeshawazika. Nililia, sifichi.

Saa mbili na robo nikasikia kelele sokoni. Lornah, muuza samaki, alikuwa amefungua friza yake. "Uwi! Nani ameniwekea uganga kwa samaki?" Katikati ya mbuta kulikuwa na madaftari yetu, kila moja limefungwa kwa nailoni. Nilihesabu: kumi na moja! Niliruka kwa furaha mbele ya watu, na umri wangu huu.

Zadock ana ufunguo wa friza hiyo kwa sababu yeye ndiye huitengeneza. Ndiye aliyevunja dirisha kuyaokoa maji yalipopanda. Alikuja pale sokoni akaniambia, "Madam, si wewe ulisema ni mbuta? Nimeweka na mbuta." Sikuwaambia wasichanganye na samaki. Kosa hilo ni langu. Lakini askari walimkamata kwa kuvunja na kuiba, wakachukua madaftari kama kielelezo.

Afande, huyu si mwizi. Miaka kumi na tisa ninafundisha, na huyu ndiye wa kwanza kunisikia! Dirisha tutaweka lingine. Wazee hatutapata wengine.

Nimesema yote ninayoyajua, na ni kweli tupu. Sahihi nitatia madaftari yakisharudi kwenye barafu.

Sahihi ya shahidi: S. Adongo

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Konstebo Naswa, saa 3:40 asubuhi, na kumsomea shahidi. Alitia sahihi saa 4:05, baada ya madaftari kuwekwa kwenye friza ya kantini ya kituo. Soda zilizokuwamo zimetolewa. Mtuhumiwa ameachiliwa. Ndiye aliyebeba madaftari hadi kantini, akamkataza Sajenti Muriuki kuyagusa kwa kuwa sajenti alikuwa anakula samosa.