Kaburi Mlangoni mwa Kanisa

Walthamstow, London

Mjukuu wangu Zahra,

Salamu nyingi huko uliko. Sisi hatujambo, ila babu yako bado anagombana na goti lake. Umeniuliza kwa nini mimi Muislamu nimetundika picha ya kanisa sebuleni.

Tulipofukuzwa Uganda sisi Wahindi, babu yako alipata kibarua kaskazini kabisa mwa Skotilandi, kwenye kisiwa cha wavuvi. Siku moja tukaenda kutazama kanisa lao la kale, hilo la pichani. Mlangoni palikuwa na kaburi lenye maua mabichi.

Mama mmoja mtunza funguo akatuambia, "Huyu ni baharia Muislamu wa Kihindi. Bahari ilimtupa hapa enzi za bibi yangu. Jina lake hatulijui."

Nilipigwa na butwaa. Sisi tulio hai tulitimuliwa kwetu, na huyu maiti asiye na jina bado analetewa maua na watu baki!

Mama yule akauliza kwa haya, "Mnazijua dua za kwao? Sisi tumemwombea kwa namna yetu tu. Tunahofia haikutosha."

Babu yako akaanza Fatiha, kilio kikamzidi. Nikaimalizia mimi, na yule mama akaitikia, "Amina."

Mungu akutunze ugenini,
Bibi yako