Sifuri ya Mrunal

Pune, Jumatatu

Dada Ketaki,

Achari ya ndimu imefika, ila mafuta yamevuja yakaniharibia kurta, lile shati langu refu.

Hapa ofisini tunatengeneza programu za kompyuta, na bosi mpya anatupima kwa pointi za kazi tulizomaliza. Mwenzetu Mrunal aliambulia sifuri, kwa sababu wiki nzima alikuwa akitukwamua sisi wengine.

"Huyu mzigo tu," bosi akasema. "Ijumaa aondoke."

"Mzigo gani huo unaotubeba sisi?" nikamuuliza. Akacheka.

Basi leo timu nzima tumeandika kazi zetu kwa jina la Mrunal. Kwenye ubao wa pointi yeye ana zote, sisi sifuri. Haya, na amfukuze!

Baba usimwambie. Nitandikie tu kitanda changu huko nyumbani.

Mdogo wako mwenye sifuri,
Sayali