Upande wa Kulia

3 Machi. Asubuhi ya ukungu, hakuna upepo.

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko? Watoto na cherehani yako hawajambo? Sisi tu wazima. Shemeji yako yupo na saa za watu anazozitengeneza. Meza imejaa vyuma vidogo, ukipiga chafya unaambiwa umepoteza skrubu.

Uliniomba picha. Sitatuma. Najua ulitaka kuona kilo hamsini na moja zilivyoniacha, na kweli zimeniacha, ila zimeondoka bila kubeba mfuko wake. Ngozi imebaki. Tumboni inalala kama shuka lililokunjwa mara mbili, na mimi ndiye ninayelipwa kwa kukunja mashuka! Pale kazini, waliokuwa wakiniita Bonge hawajui sasa waniite nani.

Chini ya mkunjo pamechubuka, panawasha, panachonyota, na jioni panatoa harufu. Nimekwenda zahanati. Muuguzi anasema ngozi inasuguana, jasho halipati pa kutokea, na fangasi wamepata pa kukaa. Amenipa krimu. Jirani naye anasema poda ya watoto inatosha. Kwa hiyo nimeamua kuwasikiliza wote wawili: poda kushoto, krimu kulia, tuone nani mkweli. Usicheke.

Jambo moja usimwambie mtu. Nimehamia kulala sebuleni. Nimemwambia shemeji yako ni joto la chumbani. Sitaki aone, wala anuse.

Usingizi nimeupata saa tisa usiku.

Dada yako


14 Machi

Dada, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku hatujambo, mtoto wangu mdogo ameng'oka jino la mbele na anajiona mzee.

Nimecheka, unisamehe. Ni wewe tu unayeweza kujigawa nusu kwa nusu kama uwanja wa mpira. Unakumbuka ulivyomwagilia mche mmoja maji na mwingine chai, mama akakukimbiza na mwiko? Haya, niambie nani anaongoza.

Nimekushonea vitambaa vya pamba, laini, vya kuweka mkunjoni vinyonye jasho. Nguo za ndani za nailoni wape maadui zako.

Hilo la sebuleni silipendi. Shemeji ni mtu wa kutazama mambo madogo. Akinyamaza usidhani haoni.

Mdogo wako


29 Machi. Jua kali tangu alfajiri.

Mdogo wangu, marahaba.

Vitambaa vimefika, ahsante, nitavijaribu. Sisi hatujambo, tukiacha hili.

Matokeo: kushoto kwenye poda kuna nafuu. Kulia kwenye krimu kumezidi, kumepasuka na kunatoa majimaji. Basi krimu ni ya uongo. Nitaitupa.

Na nikuambie ninachofanya. Nimeanza kula tena usiku, mkate, nusu nzima, kwa makusudi. Nikiurudisha mwili, ngozi itajaa, itatulia. Daktari alinionya kwamba presha na magoti yatarudi pamoja nao, sijasahau. Lakini ule mwili nilijua kuishi nao. Shemeji yako alinioa nao. Huu wa sasa sijui hata nimwonyeshe vipi.

Usingizi: saa kumi kasorobo usiku.

Dada yako


5 Aprili

Dada, shikamoo. Sikuulizi hali, umeshanieleza.

Naandika nguo ya mteja ikiwa chini ya sindano, na mwenyewe amekaa hapa ananikodolea macho. Aendelee.

Krimu usiitupe! Nijibu kwanza. Kazini kwako unasimamaje? Nilipokutembelea nilikaa karibu na lile dude la kukaushia mashuka, mgongo ukalowa kabla sijamaliza soda. Meza yako iko ubavuni mwake. Ubavu wako upi unaelekea huko?

La pili. Ukiletewa shuka lenye unyevu, unalikunja? Si ulinigombeza mbele ya watu, ukasema litaota madoa kabla ya kesho? Sasa wewe ukitoka kuoga, unajikausha vipi kabla ya kupaka hiyo krimu?

Kuhusu mkate sina swali, dada. Nakuomba tu.

Mdogo wako


17 Mei. Manyunyu asubuhi, baadaye kukawa kweupe.

Mdogo wangu, marahaba. Najua umengoja mpaka ukakasirika. Sikutaka kukutumia majibu nusu. Watoto wazima? Jino limeota?

Ubavu wa kulia! Nilisimama mahali pangu nikatazama kama mgeni: dude liko kulia, linanipulizia mvuke siku nzima. Miaka yote hiyo sikuliona. Na krimu nilikuwa napaka juu ya maji, kwa kuwa natoka bafuni mbio nisikutwe na mtu.

Nikamwomba msimamizi nihamie upande wa pili wa meza. "Kuna nini?" Nikamjibu, "Nafanya utafiti." Akasema, "Haya, profesa."

Nikaanza upya. Naosha taratibu, nakausha kwa kugusagusa bila kusugua, nasubiri pakauke kabisa, ndipo napaka krimu kidogo na kuweka kitambaa chako. Kikilowa nabadilisha. Kulia kukaanza kupona. Kushoto, ambako sasa ndiko kuliko na mvuke, kukaanza kuwaka moto, na poda ikawa uji! Nilipomsimulia muuguzi alicheka mpaka akakaa. Anasema krimu pande zote, na niukimbie mvuke kabisa. Sasa nakunjia dirishani.

Lakini kubwa si hilo. Vitambaa nilivianika uani nikasahau kuvianua. Shemeji yako akaja navyo mkononi. "Hivi ni vya nini? Saa havifuti, nimejaribu." Nikashindwa kudanganya. Nikamweleza yote, hata mkate. Akasema, "Mimi nilidhani umepungua ili uniache."

Mdogo wangu, nilikaa chini sakafuni.

Mgongoni kuna mkunjo nisioufikia kwa macho. Siku hizi jioni anavaa kile kioo chake cha jichoni cha kukagulia saa. "Hapa pamepona. Hapa bado. Usitikisike." Utadhani nimeletwa kutengenezwa! Mkate wa usiku nimeuacha. Ngozi haijaenda popote, inaning'inia palepale. Nimerudi chumbani, nakuandikia nikiwa kitandani, dirisha liko wazi. Nilitaka kukuuliza kuhusu ile picha, kama bado unaitaka, kwa sababu kuna gauni moja la


Shemeji, salamu nyingi.

Amelala na kalamu mkononi. Wino umeingia kwenye shuka, kesho tutasikia habari yake. Gauni ni lile la kijani, anataka ulipunguze kiunoni. Picha nitapiga mimi.

Ameniambia kila barua huimalizia kwa saa aliyopata usingizi, kwa hiyo namsaidia. Saa yangu haikosei.

Shemeji yako

Amelala saa mbili na dakika arobaini usiku.