Damu Kinywani mwa Farasi

Kwa kaka yangu Athmani,

Assalamu alaykum. Goti la mama vipi tangu mvua zianze? Nawe umeshaacha kutafunia upande mmoja, au bado unaliogopa lile pengo la jino? Sisi huku ughaibuni Woolwich wazima, ila moyo wangu umechafuka wiki nzima, na wewe uliyekulia na punda ndiye utakayenielewa.

Jumamosi nilimpeleka Bi Dorothy, yule kikongwe wa kiti cha magurudumu ninayemtunza, kwenye maonyesho makubwa ya farasi. Mjukuu wake Sophie, msichana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa akishindana. Mwanzoni nilifurahi, nisikufiche. Kulikuwa na farasi wa mikokoteni, kwato zao kama sinia za pilau. Wengine wadogo kama mbuzi, singa zimesukwa kwa utepe. Walipopita wa Kiarabu, watu wote walisimama wawaone. Wapo walioruka viunzi, wapo waliovuta magari. Shindano la Sophie lilikuwa la kumfanya farasi atembee kwa madaha, bila mpandaji kuonekana anamwamuru.

Kabla ya zamu yake, Bi Dorothy alinituma nimpelekee Sophie glavu alizozisahau. Nikamkuta mazizini. Mkanda wa puani mwa farasi ulikazwa hata kidole hakipiti, na povu la mdomoni lilikuwa jekundu. Sophie alikuwa akilifuta kwa kitambaa cheusi, upesi upesi, kama mtu afutaye meza na mgeni yuko mlangoni.

"Ameumia?" nikamuuliza.

"Amejiuma ulimi kidogo, ni kawaida. Kitie kitambaa hiki mfukoni, wakaguzi wasikione. Damu ikionekana tunatolewa."

Nikakipokea, kaka. Nikakitia mfukoni mwa koti bila neno, maana baba yake ndiye aliyeniajiri kupitia ejensi ya watunzaji.

Wakaingia uwanjani. Yule mnyama alirusha miguu kwa mbwembwe, ulimi umegeuka zambarau pembeni mwa lijamu, kile chuma cha kinywani. Mama mmoja jirani yangu akasema, "Tazama anavyofurahi." Wakampa Sophie utepe wa nafasi ya pili. Nikakitoa kile kitambaa, nikampa Bi Dorothy. Akakibana, vidole vikatoka vyekundu.

"Cha nani?"

"Cha farasi wa Sophie."

"Nisukume mpaka kwa waamuzi."

Mwamuzi alivaa glavu nyeupe, akapitisha kidole kinywani mwa farasi, akakiinua watu wakakiona. Utepe ukarudishwa. Sophie akanijia machozi yakimtoka. "Wewe umeletwa kumwosha bibi yangu, si kumchunguza farasi wangu."

Kesho yake baba yake alipiga simu ejensi niondolewe. Bi Dorothy akakataa, akamwambia anayeoshwa ni yeye.

Lakini linalonisumbua zaidi ni la Jumamosi jioni. Nilikuwa nimepiga magoti namvua viatu, na ukuta mzima umejaa picha zake za ujanani juu ya farasi. Akaniambia taratibu, "Wakati wangu tulitumia kitambaa chekundu. Hakionyeshi kitu."

"Mara ngapi?" nikamuuliza.

"Sikumbuki."

Nikamvua kiatu cha pili. Nimeshindwa kumchukia, na kumheshimu kama zamani pia nimeshindwa. Kila nikimkasirikia naukumbuka mkono wangu ukikipokea kile kitambaa cheusi.

Mbusu mama mkono kwa niaba yangu. Wifi yangu Maryamu mwambie udi wake umefika salama, nyumba yote inanukia. Msalimie na shangazi, asikose dawa zake za presha.

Mwanangu Nuru anakuamkia. Nimemsomea barua hii, ameielewa yote, kisha akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: mbona hukusema palepale, kabla farasi hajaingia uwanjani?

Dada yako,
Zuhura