Mlango wa Tumboni

Mkwe wangu,

Tuko hospitali, mimi na mjukuu. Anapumua, usikimbie ukagongwa na magari. Niletee mpira wake wa akiba wa kulishia tumboni na bomba lake la kusukumia uji, vyote vioshe kwanza.

Damu iliyo sakafuni ni ya mumeo. Asubuhi nilimkuta amembana mtoto taya, anamsukumia uji kwa kijiko. "Meza! Mwanamume hali kwa tundu la tumbo!" Koo la mtoto halina nguvu, na mumeo anajua. Uji ukaingia njia ya pumzi, midomo ikageuka bluu. Nikasema mwachie. Hakumwachia. Nikampiga mchi mkononi, kisha kichwani. Ndipo alipomwachia.

~~Asikanyage huku.~~ Mwoshe kidonda, umwambie aje. Mimi ndiye niliyemzaa, sitaki aoze. Lakini mchi ninao kwenye kikapu.

Mjukuu alipofumbua macho nilimtegea kitendawili: "Nyumba yangu mlango wake uko tumboni." Akateremsha macho hadi penye mpira wake, akatabasamu.

Baba yake nitamtegea hichohicho mlangoni. Akijibu, nitamkabidhi bomba, amlishe taratibu mbele yangu. Asipojibu, haingii.

Bibi wa nyumba