Kilima Kwenye Kioo Kitupu

Maabara ya Leza,
Chumba cha Chini.
Jumapili, 9 Februari.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Yule fundi cherehani wako bado anakupiga kalenda? Mimi mwili ni mzima, ila roho haina pa kukaa.

Uliwahi kuniuliza ni kazi gani hii ya kushinda gizani na miwani ya rangi. Ni hivi: tunaipiga molekuli kwa mwanga inashtuka, kisha mwanga wa pili unaichungulia kabla haijatulia. Yote hayo huisha upesi kuliko kupepesa jicho, upesi mno hata mfano sina. Kwenye kompyuta mstari unapanda na kushuka, kinatokea kilima. Kilima hicho ndicho shahada yangu, na ndicho Baba anachowatambia majirani.

Shangazi, kilima ni cha uongo.

Juzi nilipima kioo chenye kimiminika kitupu, bila ile rangi yenye molekuli tunazozichunguza. Kipimo hicho kilipaswa kufanywa mwanzo kabisa. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amekifanya. Kilima kikatokea vilevile. Nikabadili kioo, nikabadili kimiminika, nikapanga upya vijioo vya kuelekezea mwanga. Kilima kilekile. Nimelia humo ndani na miwani usoni, maana kuivua ni kujitakia upofu.

Nikamwambia profesa. Wiki ijayo anasafiri kwenda kukihubiri kilima hicho mbele ya wenzake, na bila sahihi yake sina shahada wala kibali cha kuishi hapa. Alifunga mlango, akaniuliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema hakuna.

Akatabasamu. "Basi nenda kapumzike. Umechoka wewe."

Tangu hapo sili wala silali. Kinachonitisha zaidi ni kwamba nilipotoka pale nilijisikia nafuu. Naogopa, Shangazi, nikinyamaza kidogo tu nitazoea. Wewe ndiye husema mficha uchi hazai, basi huu ndio wangu, nimekuonyesha.

Nisalimie Bibi, na Mjomba umwambie utani wake naukumbuka. Baba usimwambie bado, moyo wake nitauvunja mwenyewe. Mola akulinde, na mimi uniombee.

Kesho naitia barua hii posta kwanza, ndipo nigonge tena mlango wa profesa. Akiniuliza nani mwingine anajua, nitamjibu: Shangazi yangu.

Ni mimi nikupendaye,
Kiherehere wako, kama ulivyoniita mwenyewe.